Zamzam na Kipimo cha Choo cha Mzee Praful

Watu wa Kariakoo wana mengi ya kushukuru: mteja wa kwanza wa asubuhi, mvua iliyokatika kabla maji hayajaingia stoo, umeme uliorudi kabla barafu haijayeyuka. Zamzam, mpishi wa Mchafukoge, anashukuru mashine ya kupima choo. Usicheke. Kila akipita chini ya lile ghorofa lenye duka la vigae, ambalo maabara iko juu yake, hupunguza mwendo, hutazama dirisha la pili kutoka kushoto na kusema taratibu, "Mungu awape afya." Wauza soksi wa pale nje wameshamzoea. Wanadhani ana mgonjwa wake mle ndani.

Hana mgonjwa. Ana kisa, na kisa chenyewe kinaanzia jikoni.

Zamzam ana miaka hamsini na minne. Ni mjane, mama wa Adamu ambaye ni fundi friji Mbagala, na anakaa Ilala, Mtaa wa Lindi, vyumba viwili na kibaraza. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akitoka kwake asubuhi, anakatiza Kariakoo kwa miguu mpaka Mchafukoge, anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kuingia jikoni kwa mzee Praful, muuza vitambaa. Ni nyumba ya Wahindi wasiogusa nyama. Tena si nyama tu: samaki hapana, yai hapana, hata kijiko kilichokaa jirani na mfupa hapana. Aliyemfundisha jiko hilo ni marehemu Jashoda, mke wa mzee, mama mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali. Alimfundisha kusukuma rotli, zile chapati zao nyembamba zinazofura juu ya moto kama puto. Wiki ya kwanza alimrudishia unga mara nne. "Tena," alikuwa akisema, basi. Wiki ya pili alimrudishia mara moja. Wiki ya tatu alikula, akanyamaza, akachukua nyingine, na Zamzam akajua kazi ameipata.

Na kazi aliishika kwa mikono miwili. Ndala zake huziacha mlangoni. Hunawa mpaka kwenye viwiko, mara mbili, kwa sabuni. Hubadili gauni, avae la kazini linalofuliwa palepale na kuanikwa palepale. Kuhusu nyama, hakuna aliyemkataza kula kwake, lakini mwenyewe alijiwekea kwamba kuku na samaki ni Jumapili tu, siku yake ya kupumzika, ili Jumatatu akiingia kwa watu asiwanukie. Hilo hakuambiwa na mtu. Ndivyo alivyo.

Sasa sikia kichekesho. Wakati mpishi Mwislamu wa Ilala anajinyima kuku siku sita kwa heshima ya nyumba ya watu, mwenye nyumba alikuwa anakula kuku kila Alhamisi.

Zamzam alijua. Anayefua mashati ya mtu hahitaji kuhadithiwa. Mambo yalianza mwaka mmoja baada ya Jashoda kufariki. Alhamisi mzee akifunga duka husema anapitia stoo kukagua mzigo, kisha hurudi na tone la mafuta ya manjano karibu na kifungo cha tatu, na shati zima linanuka moshi wa mkaa, ndimu na kitunguu saumu. Mzigo gani wa vitambaa unanuka ndimu? Hiyo ni harufu ya kuku wa Basil, Mwarabu mwenye banda la kuku wa mkaa kwenye uchochoro wa nyuma ya soko, na Kariakoo yote inaijua. Zamzam alilisugua lile tone kwa ndimu na sabuni ya mche, akaanika shati, akafunga mdomo wake. Mzee amefiwa na mke, ana miaka sitini na tisa, anakula paja la kuku mara moja kwa wiki. Dunia haijaisha.

Miaka minne ikapita hivyo, mpaka masika ya juzijuzi mzee akaanza kuharisha.

Siku ya kwanza walisema ni uchovu. Siku ya tatu homa ikapanda, tumbo likawa linamkata, na chooni akaona damu. Zahanati moja ya jirani wakamtoboa kidole, wakamwambia taifodi. Mji huu nao! Ukichoka, taifodi. Kichwa kikiuma, taifodi. Akapewa vidonge vya sipro vya siku saba, akapata nafuu, akarudi dukani siku mbili, ugonjwa ukarudi naye. Wakamtoboa tena, taifodi tena, sipro tena. Wiki ya tatu mkanda wake ulikuwa umefika tundu la mwisho, na Mihir, mwanawe wa pekee, akatoboa tundu jipya kwa msumari.

Rupal, mke wa Mihir, si mtu mbaya, na haki yake apewe. Ndiye aliyekuwa anambadilishia mzee mashuka, anamshika mkono mpaka chooni, anamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Lakini hofu ikimjaa mtu hutafuta pa kutokea, na ya Rupal ikatokea jikoni.

"Dada Zamzam," alisema Jumatatu moja, amesimama mlangoni na simu mkononi, "taifodi inatoka kwenye mikono ya mpishi. Nimesoma. Mtu anaweza kuwa nayo mwilini, yeye haumwi, anawapa wenzake tu."

"Mbona Khushi haumwi?" Zamzam aliuliza. Khushi ni binti wa Rupal, ana miaka tisa, na hakuna anayemshinda kwa kula rotli nyumba ile. "Wewe huumwi, mama Khushi. Baba Khushi haumwi."

"Mzee ni mtu mzima, mwili wake umechoka." Rupal akaweka boksi la glavu juu ya meza. "Unga nitakanda mwenyewe. Wewe kata mboga, na uvae hizi. Mihir amepata maabara nzuri, mzee atapimwa upya. Na wewe utapima. Tutaona majibu."

Hakusema "nitakufukuza." Hakuwa na haja. Mchafukoge habari hurushwa kutoka kibaraza cha ghorofa moja hadi cha ghorofa jingine kabla nguo hazijakauka kwenye kamba, na mpishi aliyetolewa jikoni kwa uchafu hapati jiko lingine pale mjini. Lakini kilichomuuma Zamzam zaidi ya kazi ni neno lenyewe. Uchafu! Yeye! Alikaa kwenye kigoda anakata mabamia kwa glavu za plastiki, utelezi unamshinda, na pale jikoni Rupal anasukuma rotli zenye pembe, na machozi yakamdondokea kwenye sinia. Tangu Jashoda amrudishie unga wa mwisho hakuna aliyewahi kumwambia "tena."

Angeweza kusema. Neno moja tu, Basil, lingetosha kugeuza mambo. Alilifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi Ilala, akapishana na mikokoteni bila kuiona, akakanyagwa na mtu asijue. Asidhaniwe ni malaika: sehemu ya kunyamaza kwake ilikuwa hesabu. Akisema na mzee akakana, nani ataaminiwa? Lakini sehemu nyingine ilikuwa Jashoda, na ilikuwa yule mzee mwenyewe aliyekuwa akijikokota chooni huku amebana suruali. Kumvua nguo mbele ya mkwe wake na mjukuu wake wakati hana hata nguvu ya kujitetea, Zamzam hakuweza.

Asubuhi iliyofuata akachukua kikopo cha maabara alichopewa na Rupal, chenye kijiko kwenye kifuniko, akafanya alichoona ni adabu. Akakichemsha.

Akakipeleka kimefungwa kwenye gazeti, ndani ya mfuko mweusi, chini ya mafungu mawili ya mchicha, na njia nzima alimpisha kila mtu kama amebeba mayai. Mapokezi alimkuta mtu wa maabara, Elibariki, mrefu, mwenye miwani na koti jeupe lililompwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta ule mzigo."

Elibariki akaufungua mfuko, akatoa mchicha, akatoa gazeti, akakiona kikopo. Kilikuwa kimenywea upande mmoja na kifuniko kimekaa mshazari.

"Mama, hiki kimepatwa na nini?"

"Nimekichemsha kwanza."

"Umekichemsha?"

"Na sabuni. Mimi siwezi kumpelekea mtu kitu kwenye chombo sijakichemsha, hata kama kitu chenyewe ndicho hicho."

Elibariki alicheka mpaka akavua miwani. Si kicheko cha kejeli; kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshinda na kazi tangu alfajiri na ghafla amepewa zawadi. Akamweleza kwamba vikopo vile hutoka kiwandani vikiwa safi kabisa, akampa kingine, akamwonyesha choo kiliko. Zamzam aliporudi alikuwa na swali.

"Sasa mwanangu, mzee wetu ameshakunywa sipro mara mbili. Si hao wadudu watakuwa wamekufa? Mtawaona wapi?"

"Mama umeuliza swali la kidaktari," Elibariki alisema, na akasogeza kiti. "Njia ya zamani ni kuotesha. Tunapaka choo kidogo kwenye kisahani, tunasubiri siku kadhaa vijidudu viote. Mgonjwa akishakunywa dawa, mara nyingi havioti, tunabaki kubahatisha. Hii mashine haisubiri viote. Kila kijidudu kina vinasaba vyake, kama wewe unavyokuwa na alama zako za vidole. Mashine inavitafuta hivyo vinasaba, inavirudufu mpaka vinaonekana. Mdudu hata awe amekufa, mabaki yake yanamtaja. Inatafuta wadudu wengi kwa mkupuo, wa taifodi wakiwemo, na majibu ni kesho."

"Na haimpendelei mtu?"

"Haijui hata jina lako. Inaona namba tu."

Zamzam alilipenda jibu hilo kuliko yote. Tangu jana alikuwa anatazamwa mikono. Sasa kulikuwa na kitu mahali fulani kitakachoangalia bila kujua yeye ni nani, wala anatoka Ilala, wala anakula nini Jumapili. Akatoka pale akanunua mchicha mwingine, maana ule wa kwanza hakuweza tena kuuangalia.

Majibu yalifika kesho yake mchana, Mihir aliporudi kula. Walikuwa mezani: Mihir, Rupal, na mzee Praful kwenye kiti chake cha mikono akiwa amefunikwa shali. Khushi alikuwa shuleni. Zamzam alisimama kwenye mlango wa jikoni, glavu mkononi. Mihir akaweka karatasi mezani, akampigia Elibariki na kufungua spika ili wote wasikie.

"Mzee hana taifodi," sauti ya Elibariki ilisema. "Tumempata na Kampilobakta. Ni bakteria wa tumbo, na siku hizi ile sipro wengi wao wameshaizoea, ndiyo maana ilikuwa inarudi. Nimeshaongea na daktari wenu, atambadilishia dawa. Atapona. Yule mama mpishi hana kitu. Safi kabisa."

"Alhamdulillah," Zamzam alisema kwa sauti, hakujali. Akashika fremu ya mlango.

"Sasa huyo mdudu anatoka wapi?" Rupal aliuliza.

"Mara nyingi kuku, dada. Kuku asiyeiva vizuri. Au kisu na ubao vilivyokatia kuku mbichi, visioshwe."

Simu ikakatwa, na furaha ya Zamzam ikakatwa nayo. Rupal alikuwa anamtazama.

"Kuku hajawahi kupanda ngazi hizi," Rupal alisema polepole. "Tangu nyumba hii iwe yetu. Dada Zamzam, Jumapili huwa unapika nini kwako?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. Angesema maharage.

"Kuku," alisema.

"Basi." Rupal alikaa chini kama aliyeishiwa nguvu. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sisemi umefanya makusudi. Lakini umemletea kwa mikono. Siwezi, dada. Nikimtazama mzee hivi, siwezi."

Mashine haikumwonea, binadamu ndio walioisoma vibaya. Zamzam akaweka glavu mezani. Akarudi jikoni, akafungua kamba ya gauni la kazini, na alikuwa anatafuta khanga yake nyuma ya mlango bila kuiona ingawa iko mbele ya macho yake, aliposikia kiti cha mikono kikilia.

"Rupal, beta, mwanangu. Ngoja," alisema mzee Praful. "Zamzam, njoo hapa. Njoo tu."

Alikuwa amejisimamisha, ameshika meza kwa mikono miwili, na shali limeanguka. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kigujarati, ili wote watatu wasikie sawasawa.

"Kuku nimekula mimi."

Chini barabarani muuza maji alikuwa anapiga kelele za maji baridi.

"Kila Alhamisi. Mzigo stoo hakuna, mzigo ni kuku wa Basil. Mama yenu alikufa Alhamisi, nikawa siku hiyo siwezi kurudi nyumbani mapema, nazunguka, nikakaa kwa Basil kwa sababu pana watu. Nikala. Nikarudi tena. Sasa Alhamisi moja ya mvua, mkaa umelowa, kuku bado anasuasua kwenye moto, nikaona Mihir anakuja upande ule na mwavuli. Nikamwambia Basil, nipe. Akasema mzee bado, ndani mbichi. Nikasema nipe hivyohivyo! Nikaenda kula nyuma ya magunia ya mkaa, nimesimama, gizani, kama mwizi. Niliona utamu wake si ule. Ningemrudishia nani?" Akavuta pumzi. "Siku ya tatu tumbo likaanza. Nimejua tangu siku ya kwanza. Nimekaa kwenye kiti hiki namwona huyu mama anavalishwa glavu, na nimenyamaza kwa sababu ya aibu yangu. Nimekuwa mtu wa ovyo, Zamzam. Nisamehe."

Mihir alikuwa anaangalia sahani yake. "Mimi huwa nakula chipsi mayai," alisema, hakuna aliyemuuliza, na Rupal akamtupia jicho lililomfanya ajutie.

Kisha Rupal akamgeukia Zamzam. "Ulikuwa unajua?"

"Mashati nafua mimi, mama Khushi. Mafuta ya kuku hayatoki kwa sabuni peke yake."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na nilikuwa nakutoa kazini, ukanyamaza?"

"Ningesema, mzee angekaa wapi kwenye meza hii?"

Rupal alifunika uso kwa mikono. Alilia kidogo, na ndani ya kilio kikaja kitu kama kicheko, na alipoinuka alimpita mzee, akampita mumewe, akachukua boksi la glavu na kulitia kwenye pipa la taka. Akarudi na bakuli la unga aliokuwa ameukanda asubuhi, mgumu kama udongo, akaliweka mikononi mwa Zamzam. "Huu haufai," alisema. "Tafadhali." Zamzam akanawa mpaka kwenye viwiko, mara mbili, akaongeza maji ya uvuguvugu na tone la mafuta, akaanza upya.

Dawa mpya ilimtuliza mzee ndani ya siku nne. Wiki ya pili alikuwa dukani anabishana na wateja, na mkanda umerudi kwenye matundu yake ya zamani. Zamzam anasema shukrani zake zilianzia hapo, kwa mzee kupona, kisha zikaja nyingine ambayo hakuitarajia hata kidogo.

Mzee alitangaza mezani kwamba hali tena kuku kwa kujificha. Kama atakula, alisema, atakula amekaa, kwenye mwanga, mahali ambapo kuku anaiva. Akamtazama Zamzam. Rupal akashusha pumzi, akasema, "Lakini si kwenye sufuria zangu." Zamzam akasema kwake sufuria zipo.

Kwa hiyo Jumapili moja gari la Mihir likasimama Mtaa wa Lindi, watoto wa jirani wakalizunguka. Miaka ishirini na miwili Zamzam amepanda ngazi za watu hawa, na hakuna hata mmoja wao, hata Jashoda Mungu amrehemu, aliyewahi kuvuka kizingiti chake. Alikuwa amemchemsha kuku tangu asubuhi kwenye tui la nazi, kwanza kwa maji, kisha kwa viungo, kisha kwa hofu, mpaka nyama ikawa inauacha mfupa yenyewe. Kwa ajili ya Rupal na Khushi alinunua sufuria mpya, mwiko mpya na ubao mpya, akapika maharage na mchicha kwenye jiko la peke yake upande wa pili wa uwani. Alimwonyesha Rupal ubao na karatasi ya dukani bado imebandikwa chini yake. Rupal aliitazama ile karatasi muda mrefu.

Kisha Zamzam akataka kwenda kupakua, na Rupal akamshika bega.

"Leo wewe kaa."

Akamketisha mkekani kando ya mzee Praful, akamnawisha mikono kwa birika, maji yakimwagika kwenye beseni, na akafungua kitambaa alichokuja nacho. Ndani yake kulikuwa na rotli kumi na mbili. Alizisukuma mwenyewe asubuhi ile, hakumwita mtu. Zilikuwa nene, zina pembe, nyingine zimeungua upande mmoja. Akaweka ya kwanza kwenye sahani ya Zamzam, akabaki amepiga magoti, anasubiri.

Zamzam aliikata, akaichovya kwenye mchuzi wa maharage, akatafuna. Ilikuwa ngumu. Chumvi ilikosekana. Aliimeza, machozi yamemjaa, akanyoosha sahani yake.

"Nipe nyingine," akasema.